Vijana wa Kiyahudi waliosomea kilimo kabla ya Holokosti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo wanafunzi, walimu wa historia na wasomaji wa kawaida huyarudia kila mada hii inapoguswa. (Holokosti ni mauaji ya halaiki ya Wayahudi yaliyofanywa na Ujerumani ya Hitler.) Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo anzia popote upendapo. Penye jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

Vijana hawa walikuwa akina nani?

Walikuwa wavulana na wasichana wa Kiyahudi, wengi wao kutoka Ujerumani na baadaye Austria, walioacha shule au kazi za mjini katika miaka ya 1930 wakaenda kujifunza kulima, kufuga na kazi za mikono. Wadogo walikuwa na miaka 14 au 15, wakubwa wamevuka 20 kidogo.

Kwao kilimo hakikuwa kazi ya urithi. Mwaka 1933 Ujerumani ilikuwa na Wayahudi wapatao 500,000, na kati ya waliokuwa na kazi, waliotegemea kilimo hawakufika asilimia 2. Baba alikuwa na duka la vitambaa, au alikuwa wakili, daktari, karani. Mtoto kakulia ghorofani Berlin au Breslau, maziwa anayajua yakiwa ndani ya chupa. Huyo ndiye aliyeamshwa alfajiri, akapewa ndoo na kigoda, akaambiwa akae ubavuni mwa ng'ombe.

Kwa nini kilimo, na si kazi nyingine?

Kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa, na huu ulikuwa na upenyo. Hitler aliingia madarakani tarehe 30 Januari 1933. Aprili mwaka huohuo Wayahudi waliondolewa katika utumishi wa umma na idadi ya wanafunzi wa Kiyahudi katika shule na vyuo ikawekewa ukomo. Sheria za Nuremberg za 1935 zikawavua uraia kamili. Kijana wa miaka 16 aliyekuwa akiota udaktari alijua hatausomea Ujerumani, na kwamba lililobaki ni kuondoka.

Kuondoka nako kulihitaji nchi ya kukupokea. Dunia ilikuwa katika mdororo wa uchumi, na hakuna serikali iliyokuwa ikitafuta mawakili na makarani wa kigeni. Palestina, iliyokuwa chini ya Waingereza, ilitoa vibali vya kuingia kwa makundi, na kundi moja lilikuwa la wafanyakazi. Waliopitia mafunzo ya kilimo au ufundi walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuingizwa humo. Argentina, Australia na nchi nyingine nazo zilimtazama mkulima kwa jicho la afadhali. Kwa hiyo kujua kukamua na kushika plau kulikuwa, kwa maana halisi kabisa, sehemu ya maombi ya viza.

Kulikuwa na sababu ya pili, ya itikadi. Wasayuni, yaani Wayahudi waliotaka watu wao wawe na makao yao Palestina, waliamini kwamba watu wasioishika ardhi kwa mikono yao hawawezi kujenga nchi. Vijana wengi waliiamini kwa moyo wote. Wengine waliikariri kwa sababu ilikuwa inasaidia kupata kibali, na hakuna sababu ya kuwalaumu.

Hakshara ni nini?

Ni jina la Kiebrania la mafunzo haya, kwa maana ya matayarisho ya kwenda kuishi Palestina. Yalisimamiwa zaidi na jumuiya iitwayo Hechalutz, pamoja na vyama vya vijana vilivyoshirikiana nayo. Kwa kawaida mtu alikaa mwaka mmoja hadi miwili, ama kwenye shamba la pamoja, ama akiwa peke yake kwa mkulima wa kawaida.

Mpango huu haukuzaliwa na Hitler. Hechalutz ilikuwapo tangu miaka ya 1920, na shule ya kilimo cha bustani ya Ahlem, karibu na Hannover, ilianzishwa mwaka 1893 na Moritz Simon, mwenye benki aliyetaka vijana wa Kiyahudi wawe na kazi za mikono. Kilichobadilika baada ya 1933 ni wingi wa waombaji na haraka yao.

Jina jingine utakalokutana nalo ni Aliyah ya Vijana. Huu ulikuwa mpango wa kuwapeleka watoto na vijana Palestina bila wazazi wao, ulioanzishwa na Recha Freier huko Berlin. Ofisi ya Jerusalem iliongozwa na Henrietta Szold. Freier alikuwa amewahi kuona balaa likija: alikwisha kuanza kazi hiyo kabla Hitler hajaapishwa.

Je, wote walikuwa Wasayuni?

Hapana. Shamba la Gross-Breesen, lililo mashuhuri kuliko mengi, lilianzishwa kwa ajili ya vijana waliotaka kuhamia nchi yoyote itakayowapokea. Kulikuwa pia na mashamba ya vijana wa dini walioshika Sabato na jiko la kosher (linalofuata sheria za chakula za Kiyahudi), na ya vyama vya mrengo wa kushoto walioona sala ni mambo ya wazee. Walibishana sana, tena usiku wa manane, watu ambao saa kumi na moja walitakiwa wawe zizini.

Wasichana walifundishwa sawa na wavulana?

Kwa maneno, ndiyo. Kwa vitendo, mara nyingi walijikuta jikoni, kwenye kufua, kwenye banda la kuku na bustani ya mboga, huku wavulana wakipewa farasi na trekta. Wapo wasichana waliolalamika wazi, na yapo mashamba yaliyowasikiliza.

Siku ya shambani ilikuwaje?

Ndefu. Wa zizini waliamka kabla ya jua kukamua, kulisha na kutoa samadi. Baada ya kifungua kinywa watu waligawanywa: kundi la viazi, kundi la nyasi, wengine karakana ya useremala au uhunzi, wengine bustanini. Wiki za mwanzo zilikuwa za malengelenge viganjani na mgongo usionyooka. Jembe halimjui mtoto wa mwenye duka.

Jioni kulikuwa na masomo. Kwenye mashamba ya Kisayuni ilikuwa Kiebrania, historia na jiografia ya Palestina. Gross-Breesen walijifunza Kiingereza au Kihispania kutegemea nchi inayotazamiwa, wakasikiliza muziki na kusoma fasihi. Mkuu wao, Curt Bondy, alikuwa mwanasaikolojia aliyewahi kufanya kazi na vijana katika magereza, na alikuwa mkali kwa jambo dogo na kubwa: kuchelewa, kiatu kichafu, koleo lililoachwa nje lilowe mvua. Aliwafundisha kilimo, lakini zaidi alikuwa akiwafundisha kujitawala, kwa kuwa alijua wataishia ugenini bila mzazi wala mwalimu.

Kuna picha nyingi za maisha hayo, na karibu zote zinaonyesha watu wanaocheka. Si za uongo. Kwa kijana aliyekuwa akitemewa mate njiani na wanafunzi wenzake, shamba lilikuwa mahali pa kwanza baada ya muda mrefu ambapo alipata marafiki, mchumba pengine, na kazi inayoonekana matunda yake.

## Mashamba yenyewe

Gross-Breesen lilikuwa wapi, na kwa nini linatajwa sana?

Lilikuwa Silesia, si mbali na Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Lilifunguliwa mwaka 1936 na uwakilishi wa pamoja wa Wayahudi wa Ujerumani, likiwa na nafasi ya vijana zaidi ya mia moja hivi.

Linatajwa sana kwa sababu ya Virginia. William Thalhimer, mwenye duka kubwa mjini Richmond, Marekani, alinunua shamba la Hyde Farmlands karibu na Burkeville mwaka 1938 ili vijana wa Gross-Breesen wahamie huko. Sheria ya Marekani ilikataza kuingiza vibarua wa kigeni waliokwisha kuahidiwa kazi, kwa hiyo Thalhimer alizunguka: vijana waliandikishwa kuwa wanahisa wa kampuni ya shamba. Hawakwenda kuajiriwa, walikwenda kwenye mali yao. Hata hivyo maofisa wa ubalozi walichelewesha faili miezi na miezi. Walioingia Virginia kwa mpango huo walikuwa makumi machache tu, wakafuga kuku kwenye udongo uliochoka. Shamba halikudumu, lakini waliofika walikuwa hai.

Sababu nyingine ni kwamba watu wa Gross-Breesen hawakuachana. Bondy alianzisha barua za mzunguko zilizotoka bara hadi bara, na wahitimu waliendelea kuandikiana miongo mingi baada ya vita. Mmoja wao, Werner Angress, alifika Virginia, akajiunga na jeshi la Marekani, akarushwa kwa parachuti Normandy Juni 1944, na baadaye akawa profesa wa historia. Baba yake aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani huko Poland.

Kijiji cha kazi cha Wieringermeer kilikuwa nini?

Kaskazini mwa Uholanzi kuna nchi kavu iliyokuwa bahari hadi 1930. Maji yalipokwisha kusukumwa nje, ukabaki udongo mzito wa mfinyanzi, tambarare, bila mti, upepo ukipiga moja kwa moja. Mwaka 1934 sehemu ya ardhi hiyo ilitolewa kwa taasisi ya Kiyahudi ya Uholanzi ili wakimbizi vijana kutoka Ujerumani wajifunze kilimo na ufundi. Waliita Werkdorp, kijiji cha kazi. Walianza kwenye mabanda ya mbao, wakajenga jengo kuu la kijiji, wakalima, wakafuga, wakafua vyuma, wakaondoka kundi kwa kundi kwenda Palestina na kwingineko. Serikali ya Uholanzi ilikuwa na sharti moja: wakimaliza, wasibaki Uholanzi.

Wajerumani waliivamia Uholanzi Mei 1940. Tarehe 20 Machi 1941 mabasi yalifika kijijini, vijana wakaamriwa kufungasha haraka, wakapelekwa Amsterdam. Wachache waliachwa kwa muda, maana ng'ombe walikuwa wanahitaji kukamuliwa na mazao yalikuwa shambani. Waliopelekwa mjini walihifadhiwa na familia za Kiyahudi.

Kilichofuata ndicho kinachofanya jina la Wieringermeer litajwe kwa uchungu. Juni 1941 ofisa wa SS (kikosi cha chama cha Hitler), Klaus Barbie, ambaye baadaye alikuja kujulikana kwa ukatili wake Lyon, Ufaransa, alikwenda kwenye Baraza la Wayahudi la Amsterdam akaomba anwani za vijana wa kijiji. Alisema wanaruhusiwa kurudi shambani. Lilikuwa jambo ambalo kila mtu alitaka liwe kweli, na orodha ikatolewa. Tarehe 11 Juni polisi walipita nyumba kwa nyumba. Ambao hawakukutwa, nafasi zao zilijazwa na vijana wengine wa Kiyahudi waliokamatwa mitaani na majumbani. Takriban 300 walipelekwa kambi ya Mauthausen, Austria. Hakuna aliyerudi.

Jengo kuu lipo hadi leo na linalindwa kama mnara wa taifa. Lilinusurika hata Aprili 1945, Wajerumani walipolipua ukuta na kuyarudisha maji juu ya mashamba yote yale.

Uingereza ilikuwa na mashamba kama hayo?

Ndiyo, na mengi yalifunguliwa baada ya safari za treni za watoto zilizoanza Desemba 1938, ambazo ziliwaleta Uingereza watoto karibu 10,000. Waliokuwa wakubwa kidogo hawakupata familia kwa urahisi, hivyo wakapelekwa mashambani kwa vikundi. Whittingehame, Uskoti, ilikuwa nyumba ya ukoo wa Lord Balfour, yuleyule wa tamko la 1917 lililounga mkono makao ya Wayahudi Palestina. Gwrych, kaskazini mwa Wales, ni kasri ya kuigiza enzi za kale, ambako vijana wapatao 200 waliingia mwaka 1939 wakakuta jengo limetelekezwa, halina umeme. Waliwafanyia kazi wakulima wa jirani, ambao awali hawakujua wawafanye nini vijana wanaoongea Kijerumani wakati wa vita na Ujerumani. Millisle, Ireland ya Kaskazini, iliendeshwa na jamii ya Wayahudi wa Belfast na haikufungwa hadi 1948. Watoto wake wadogo walisoma shule ya kijiji pamoja na wenyeji.

Hawa waliishi. Wazazi wao, kwa sehemu kubwa, hawakuishi.

Na Denmark?

Denmark haikujenga mashamba makubwa. Vijana walisambazwa mmojammoja kwa wakulima wa Kidenmaki, wakala meza moja na wenyeji. Oktoba 1943, Wajerumani walipoanza kuwasaka Wayahudi, zaidi ya watu 7,000 walivushwa kwa mashua hadi Sweden, na wengi wa vijana hawa walikuwamo. Baadhi, waliokuwa mbali vijijini na hawakupata habari mapema, walikamatwa wakapelekwa kambi ya Theresienstadt.

## Novemba 1938 na baada yake

Usiku wa Novemba 1938 ulifika hata mashambani?

Ulifika. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba masinagogi yalichomwa kote Ujerumani, na wanaume wa Kiyahudi wapatao 30,000 wakapelekwa kambi za mateso za Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen. Shamba la Jägerslust karibu na Flensburg, lililokuwa likifundisha vijana wanaokwenda Palestina, lilivamiwa na kuharibiwa. Gross-Breesen, SS walifika asubuhi. Walimkamata Bondy, walimu na vijana wakubwa, wakawapeleka Buchenwald. Wadogo na wasichana waliachwa na mifugo ya kuhudumia.

Waliokamatwa waliachiwa wiki kadhaa baadaye kwa masharti ya kuondoka nchini. Baadhi walipokelewa Wieringermeer wakisubiri viza ya mbele. Ukikumbuka jibu la Wieringermeer hapo juu, utaona ubaya wa bahati hiyo: walitoka mdomoni mwa simba wakaenda kungojea kwenye nyumba yenye mlango mmoja.

Kwa nini hawakuondoka wote mapema?

Swali hili huulizwa kana kwamba treni ilikuwapo na wao wakakataa kupanda. Julai 1938 nchi 32 zilikutana Evian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi. Karibu zote zilitoa huruma bila viza. Jamhuri ya Dominika ilijitolea kuwapokea hadi 100,000, lakini waliofika kwenye makazi ya kilimo ya Sosúa walikuwa mia kadhaa tu. Mei 1939 Uingereza iliwekea Palestina ukomo wa wahamiaji 75,000 kwa miaka mitano.

Wengine walijaribu bila vibali. Mwishoni mwa 1939 kundi la zaidi ya watu 1,000, wengi vijana kutoka Vienna, lilishuka mto Danube likitarajia meli. Barafu na ukosefu wa meli viliwakwamisha Kladovo, Yugoslavia, kisha Šabac. Vijana wapatao 200 walipata vibali wakaondoka mapema 1941. Wiki chache baadaye Wajerumani wakavamia. Wanaume waliobaki walipigwa risasi Oktoba 1941, wanawake wakauawa mwaka uliofuata ndani ya gari la kuulia watu kwa gesi.

Mashamba yaliyobaki Ujerumani yaliishaje?

Yaligeuzwa kambi za kazi za lazima. Ruhusa ya Wayahudi kuhama ilifutwa Oktoba 1941, na tangu hapo vijana walilima viazi na kukata miti chini ya ulinzi, wakingoja orodha zenye majina yao. Ahlem, shule ile ya bustani ya 1893, ilifanywa kituo cha kuwakusanyia Wayahudi kabla ya kusafirishwa mashariki.

Neuendorf, mashariki ya Berlin, linajulikana zaidi kwa watu wawili. Clara Grunwald, mwalimu aliyeeneza Ujerumani mbinu za Montessori za kufundisha watoto wadogo, alikuwa huko akifundisha watoto, na Aprili 1943 alisafirishwa pamoja nao hadi Auschwitz, akauawa. Esther Loewy, binti wa miaka 18, alisafirishwa mwezi huohuo. Kambini walitafuta wapiga muziki wa okestra ya wanawake. Alijua piano, na piano haikuwapo, akasema anajua akodioni, chombo ambacho hakuwahi kukipiga. Aliponea hapo. Baada ya vita alijulikana kama Esther Bejarano, akaimba na kusimulia hadharani hadi uzeeni. Alifariki Hamburg mwaka 2021 akiwa na miaka 96.

Kuna waliopigana au kujificha?

Wapo wengi, kwa sababu mafunzo yalikuwa yamewapa kitu ambacho wakimbizi wengi walikikosa: kundi linaloaminiana. Loosdrecht, Uholanzi, palikuwa na nyumba ya vijana wapatao 50 wanaojiandaa kwenda Palestina. Agosti 1942 walipopata habari kwamba wataitwa, walitawanywa na kufichwa ndani ya siku chache. Kazi hiyo iliongozwa na mkimbizi kijana, Joachim Simon, na mwalimu Mholanzi asiye Myahudi, Joop Westerweel, na wenzao. Baadaye walifungua njia ya kupita Ubelgiji na Ufaransa hadi milima ya Pyrenees na Hispania. Simon alikamatwa akajiua gerezani Januari 1943 ili asiwataje wenzake. Westerweel alipigwa risasi kambi ya Vught Agosti 1944.

Poland ni hadithi pana zaidi na inastahili ukurasa wake. Itoshe kusema kwamba Zivia Lubetkin na Yitzhak Zuckerman, miongoni mwa viongozi wa uasi wa Aprili 1943 katika ghetto ya Warsaw (mtaa walimofungiwa Wayahudi), walitoka humohumo kwenye Hechalutz na vyama vyake vya vijana.

## Maswali yanayozua ubishi

Ni kweli Wayahudi waliwahi kupewa Uganda?

Waliahidiwa kipande, na hakikuwa Uganda ya leo. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipendekeza makazi ya Wayahudi kwenye uwanda wa Uasin Gishu, upande wa Eldoret, Kenya. Jina la Uganda lilishikamana nalo kwa kuwa eneo hilo lilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda hadi 1902. Wajumbe walitumwa kukagua, na mkutano mkuu wa Wasayuni wa 1905 ukakataa. Wenyeji wa uwanda ule hawakuulizwa hata mara moja, si na aliyetoa wala na aliyekataa.

Je, wapo vijana hawa waliofika Kenya?

Wapo, wachache. Mwaka 1938 iliundwa London kampuni ya Plough Settlement Association ili kuwaweka wakimbizi wa Kiyahudi kwenye mashamba ya Kenya, na baadhi ya waliotoka Gross-Breesen nao walifika. Walowezi wengi wa Kiingereza hawakuwafurahia. Septemba 1939 vita ilipoanza, wanaume wenye pasi za Kijerumani waliwekwa kizuizini kama raia wa adui, Wayahudi wakiwamo, ingawa wengi wao waliachiwa baadaye.

Msomaji wa Nakuru au Eldoret ataona upande wa pili bila kuambiwa. Mashamba yale yalikuwa kwenye nyanda zilizotengewa Wazungu, na Waafrika waliokuwa na haki nazo walikuwa wakilipwa ujira wa kibarua kwenye ardhi yao. Mkimbizi hakuitunga sheria hiyo, lakini aliishi juu yake. Mambo yote mawili ni kweli.

Na Waarabu wa Palestina je?

Walikuwapo, na wengi wao walikuwa wakulima. Ardhi ya makazi ya Kiyahudi mara nyingi ilinunuliwa kwa wamiliki wakubwa, na familia zilizokuwa zikiilima zikaondolewa. Uasi wa Waarabu wa 1936 hadi 1939 ulitokana kwa sehemu na hayo, na ukomo wa Mei 1939 ulikuwa jibu la Waingereza kwa uasi huo. Baadhi ya wahitimu wa mashamba haya walikuwa sehemu ya vita vya 1948, vilivyowaacha Wapalestina mamia ya maelfu bila makazi.

Kuwakumbuka vijana waliouawa Mauthausen hakumlazimishi mtu kunyamaza juu ya hilo, na kulijua hilo hakuwapunguzii hao vijana haki ya kukumbukwa. Anayetumia jambo moja kufuta jingine, tumwache na siasa zake.

Basi, kilimo kiliwaokoa au hakikuwaokoa?

Kilimo chenyewe hakikuwaokoa. Kilichookoa ni karatasi: kibali cha Palestina, hisa ya Hyde Farmlands, tikiti ya treni kwenda Uingereza kabla ya Septemba 1939. Mafunzo yaliongeza nafasi ya kuipata karatasi hiyo, na kwa maelfu yalitosha. Lakini vijana wawili waliolala chumba kimoja, wakapalilia mstari mmoja wa viazi, wakawa hodari sawasawa, mmoja alikuja kuzeeka Marekani na mwingine akafia machimbo ya mawe Mauthausen, kwa tofauti ya muhuri na tarehe. Wasimulizi wanaopenda kusema waliokoka kwa bidii yao wanawakosea wale wengine, ambao bidii hawakuikosa.

Mafunzo haya yaliisha na vita?

Hayakuisha. Juni 1945 manusura vijana wa Buchenwald walianzisha shamba lao wenyewe karibu na kambi ile, wakaliita Kibutsi Buchenwald (kibutsi ni kijiji cha kilimo cha Kiyahudi chenye mali ya pamoja). Baadaye walihamia Geringshof, ambapo palikuwa shamba la mafunzo kabla ya vita, kisha wakaenda Palestina. Kibutsi chao leo kinaitwa Netzer Sereni.

## Kuwakumbuka leo

Kuna kumbukumbu gani za kuonekana?

Ahlem ni makumbusho kamili, na kwa anayepita Hannover ndipo pa kuanzia. Gwrych na jengo la Wieringermeer bado vimesimama. Mashamba mengine yamebakiwa na kibao au jiwe kando ya barabara, tena lililowekwa na wenyeji wachache waliojitolea.

Kuna pia mawe ya shaba ya sentimita 10 kwa 10 yanayopachikwa njiani mbele ya nyumba ambazo wahanga waliishi kwa hiari mara ya mwisho. Msanii Gunter Demnig aliyaanzisha miaka ya 1990, na sasa yamepita 100,000 barani Ulaya. Kwa vijana hawa kanuni hiyo huleta mjadala: aliyekimbia kwao Breslau akaishi Wieringermeer miaka miwili, nyumba yake ya hiari ni ipi?

Nawezaje kutafuta jina nikiwa mbali?

Mkusanyo wa majina wa Yad Vashem, Jerusalem, una wahanga zaidi ya milioni 4.8, na hifadhi ya Arolsen, Ujerumani, ina nyaraka za mamilioni ya waliofungwa na kuhamishwa. Zote mbili hutafutwa bure kwenye intaneti. Andika jina kwa tahajia zaidi ya moja, kwa kuwa karani Mholanzi na karani Mjerumani hawakuliandika sawa. Tafuta pia jina la mji la zamani pamoja na la sasa.

Nimepata jina, lakini shamba halitajwi. Nifanyeje?

Hilo ni la kawaida. Nyaraka za kambi huandika mahali pa kuzaliwa na anwani ya mwisho, na kwa aliyehamishwa kutoka Wieringermeer anwani hiyo itakuwa ya mtaa wa Amsterdam aliolala wiki chache. Tazama mambo mawili. La kwanza ni kazi: mtu wa miaka 19 aliyezaliwa Berlin na kuandikwa mkulima, mtunza bustani au mkamuaji, karibu hakika alipitia mafunzo. La pili ni tarehe na mahali pa kifo. Kijana Mjerumani aliyekamatwa Amsterdam tarehe 11 Juni 1941 na kufia Mauthausen miezi ya karibu, anza naye kwenye orodha za Wieringermeer, ukikumbuka kwamba baadhi ya waliochukuliwa siku ile hawakuwahi kukanyaga shambani.